Cheti Hakibebi Ghorofa

Nchini mwetu ipo sheria iliyotungwa ili nyumba zisituangukie. Ni Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, Nambari 41 ya mwaka 2011. Chombo ilichokiunda twakijua zaidi kwa herufi zake tatu, NCA, zilizoandikwa kwenye bango penye mjengo. Zaidi ya bango hilo, wengi wetu hapa Giakanja, na katika Tetu kwa jumla, huisikia Mamlaka hii siku ambayo jengo limeporomoka mahali fulani na redio inatangaza idadi ya maiti. Chombo cha umma kinachojulikana kwa mabango na kwa misiba peke yake hakijawafikia wenyewe, nao wenyewe ni wananchi.

Tuseme mapema ili tusieleweke vibaya. Hatuipingi Mamlaka hii. Tunaitaka, na tunataka ifanye kazi. Neno letu ni moja. Sheria imeikabidhi kazi mbili, kuwakuza makandarasi na kuwarudi wanapokosea, na zote mbili huonekana kwetu kwa sura ya cheti. Cheti ni kitu chema, lakini cheti hakibebi ghorofa. Kinachobeba ghorofa ni saruji ya kutosha, chuma cha kutosha, fundi aliyefunzwa, na mtu asiyeogopa kusema kazi isimame. Miongoni mwa watu hao wasioogopa lazima awemo mwananchi anayeishi jirani na mjengo. Sheria imekwisha kumpa uwezo huo, ila hakuna aliyemwambia.

SHERIA YASEMAJE

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinaitaka Mamlaka isimamie sekta ya ujenzi na kuratibu maendeleo yake. Chini ya shabaha hiyo kuna orodha ndefu ya kazi: kuistawisha na kuipanua sekta, kufanya utafiti, kuishauri Serikali, kuhakikisha ubora, kuwasajili makandarasi, kuwapa ithibati mafundi stadi na wasimamizi wa mjengo, kuweka pamoja habari za sekta nzima, hata kuwasaidia makandarasi wetu kupata kazi nje ya nchi. Kanuni za mwaka 2014 ziliwagawa makandarasi katika madaraja 8, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8. Wa daraja la kwanza hana kikomo cha thamani ya kazi anayoweza kuichukua. Wengine wote wamewekewa kikomo, na kadiri daraja linavyoshuka ndivyo kikomo nacho kinavyoshuka. Mwenye mradi naye hutakiwa kuusajili mradi wake. Maofisa wa Mamlaka wana uwezo wa kuingia mahali pa ujenzi, kukagua, na kuisimamisha kazi.

Mgala muue na haki umpe. Hali ya kabla ya 2011 ilikuwa mbaya zaidi. Wizara ya Ujenzi wa Umma ilikuwa na orodha yake ya makandarasi, kutoka daraja la A hadi la H, lakini orodha hiyo ilihusu kazi za Serikali. Aliyejenga nyumba ya kupangisha kwa fedha zake mwenyewe aliweza kumpa kazi yeyote mwenye mwiko na kamba. Hata katika kazi za Serikali, wazee wetu wanawakumbuka makandarasi wa mkoba: ofisi yao ilikuwa mkoba, mitambo yao ilikuwa barua ya kuteuliwa, na mtaji wao ulikuwa kujuana na mkubwa fulani. Jengo la Sunbeam mjini Nairobi liliporomoka mwaka 1996. Lile la Nyamakima liliporomoka Januari 2006 lingali linajengwa, likawafukia vibarua waliokuwa kazini. Sheria ya 2011 ilitoka katika vifusi vya namna hiyo.

Leo mwananchi mwenye simu anaweza kulitafuta jina la mkandarasi katika orodha ya Mamlaka akajua kama amesajiliwa au la. Mkandarasi naye hawezi kuhuisha leseni yake ya mwaka pasipo kuhudhuria mafunzo. Hata kanuni za majengo, ambazo kwa zaidi ya miaka 50 zilikuwa zile za mwaka 1968, zimeandikwa upya: kanuni mpya za kitaifa zilichapishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika Machi 2025. Hizo ni hatua, na tunazisifu.

NAHODHA WENGI

Lakini ni nani anayesimama mjengoni siku zege linapomwagwa? Hapo ndipo mambo yanapotatanika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na nyumba. Kwa hiyo ramani ya jengo la Giakanja hupitishwa na Kaunti ya Nyeri, chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Mkandarasi husajiliwa na Mamlaka ya Ujenzi. Mhandisi hujibu kwa bodi ya wahandisi, na msanifu kwa bodi ya wasanifu. Mazingira ni ya NEMA. Usalama wa kibarua uko chini ya idara nyingine, kwa sheria ya mwaka 2007. Kisha majengo yalipoporomoka Nairobi mwanzoni mwa 2015, Serikali ikaunda pia idara ya kitaifa ya kukagua majengo. Tukihesabu, milango ni saba, na kila mlango una karani wake, fomu yake na ada yake.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tazameni Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa huo wa Nairobi na kuwaua watu wapatao 50. Jengo lile lilikuwa kando ya mto. Lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa la hatari na kutiwa alama ya kubomolewa. Basi waliokufa hawakufa kwa kukosa sheria, wala kwa kukosa alama ukutani. Walikufa katika nafasi iliyopo kati ya ofisi iliyotia alama na ofisi iliyotakiwa kubomoa. Kila ofisi ilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilielekeza kidole kwa mwenzake. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Septemba 2019, darasa la shule ya Precious Talent huko Dagoretti liliwaangukia wanafunzi asubuhi, na watoto 8 wakapoteza maisha. Vidole vikanyooshwa upya.

Msomaji atasema hayo ni ya Nairobi. Sisi twasema tuangalie kwetu. Ardhi ya Nyeri imegawanywa ikagawanywa tena mpaka ploti zimekuwa finyu, na mwenye ploti finyu hujenga kwenda juu. Nyeri mjini, Karatina, Othaya na kandokando ya vyuo vyetu, nyumba za kupangisha zinapanda ghorofa baada ya ghorofa. Miinuko yetu ni mikali, udongo wetu mwekundu hunywa maji mengi msimu wa masika, na mtu akichimba msingi kwenye mteremko huwa anachimba pia chini ya nyumba ya jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tusingoje redio ilitaje jina la kwetu.

KUKUZA NA KURUDI

Wako wanaosema kwamba kosa ni kukiacha chombo kimoja kiwakuze makandarasi na papo hapo kiwarudi. Kwamba mlezi hawezi kuwa askari. Hoja hii ina uzito, na historia yetu inatoa ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Norway, iliunda Shirika la Taifa la Ujenzi ili Mwafrika, aliyekuwa kibarua wa makandarasi wageni, apate mkopo, mafunzo na kandarasi zake mwenyewe. Nia ilikuwa ya haki kabisa. Lakini shirika hilo halikuvuka miaka ya 1980. Funzo tunalolichukua sisi ni hili: mkandarasi halelewi kwa kupewa kazi peke yake, kwani asiyepimwa kwa kazi yake huzoea kupimwa kwa marafiki zake.

Majirani zetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Wana Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambalo kazi yake ni kuikuza sekta na kushauri. Wana pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo kazi yake ni kusajili, kukagua na kuadhibu. Mpango huo unavutia ukiwa juu ya karatasi. Hata hivyo, Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Na Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo. Kwa hiyo kuzitenganisha ofisi si dawa ikiwa ofisi zote mbili zimemgeuzia mwananchi kisogo.

Sisi twaamini kwamba kukuza na kurudi vinaweza kukaa nyumba moja, kama baba amrudivyo mwana ampendaye, lakini kwa sharti kwamba hesabu ya kila kimoja iwe wazi. Tuchukue mfano. Kanuni za 2014 zinamtaka mkandarasi wa kigeni aahidi kuwapa wenyeji, kwa kandarasi ndogo au kwa ubia, sehemu isiyopungua asilimia 30 ya thamani ya kazi, na kuwaachia ujuzi. Hiyo ni kanuni nzuri ya kukuza. Barabara pana ya kilomita 84 kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua imetufikia mlangoni. Kwa kila kazi kubwa ya namna hiyo ambayo mgeni ameipata, mwananchi wa Nyeri angepaswa kuiona kwa urahisi orodha ya wenyeji waliopata sehemu yao, kazi waliyoifanya na ujuzi waliobaki nao. Ahadi isiyosomwa hadharani hutimizwa kwa hiari ya aliyeahidi.

Tuchukue mfano wa pili. Mkandarasi mdogo wa kwetu huikopea benki shamba lake ili ajenge zahanati au kalvati ya kaunti. Kazi inaisha, inakaguliwa, inazinduliwa kwa utepe. Malipo hayaji. Mwaka unapita, wa pili unaingia, na shamba linapigwa mnada. Madeni ya kaunti kwa makandarasi si siri kwa Mkenya yeyote asomaye magazeti. Kuna njia gani ya kumkuza mkandarasi huyu iliyo bora kuliko kumlipa? Na asipolipwa, kazi yake ijayo ataijengaje? Atapunguza saruji, atapunguza chuma, atamchelewesha kibarua. Deni la ofisi huishia ndani ya nguzo. Mamlaka iliyopewa kazi ya kuishauri Serikali juu ya sekta hii ingepaswa kulisema jambo hilo kwa sauti kila mwaka, kwa kutaja kaunti moja moja.

FUNDI NI NANI

Katika orodha ya kazi za Mamlaka tumetaja kuwapa ithibati mafundi stadi. Nyeri inao urithi katika jambo hili. Misheni za Tumutumu na Mathari ziliwafunza vijana wetu useremala na uashi kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1972 wananchi walichanga kwa harambee wakaanzisha chuo cha ufundi cha Kimathi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Watu waliochanga shilingi zao hawakuchangia vyeti. Walichangia mikono yenye ujuzi.

Leo fundi mwashi wa Giakanja aliyejenga kwa miaka 20 mara nyingi hana karatasi yoyote inayomtaja kuwa fundi. Mshahara wake ni wa siku. Akianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, familia yake huambiwa ni mapenzi ya Mungu. Si mapenzi ya Mungu. Sheria ya fidia kwa majeraha kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, na kibarua naye ni mfanyakazi. Tunaitaka Mamlaka iwafuate mafundi hawa mahali walipo, iwapime kwa kazi ya mikono yao, iwape ithibati kwa gharama wanayoiweza, na iwaeleze kwamba fundi mwenye ithibati ana haki ya kukataa kumwaga zege lisilotimia. Fundi huyo ndiye mkaguzi wa kwanza wa kila jengo. Yeye huona mfuko wa saruji uliopunguzwa kabla mkaguzi yeyote hajapanda gari lake kutoka mjini.

KAMATI ZETU ZA UJENZI

Sasa tunageuka upande wetu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa makanisa na wa kamati. Ni nani wanaojenga katika kila kijiji cha Tetu? Ni wazazi wajengao madarasa, vyama vya ushirika vijengavyo maghala, na makanisa yajengayo kumbi, nyumba za mapadre na za wachungaji. Fedha ni za sadaka na za mchango, na kamati ina haraka ya kumaliza kabla ya siku ya kuweka wakfu. Mtu akiuliza kuhusu mhandisi huambiwa kwamba ana imani haba, au kwamba fundi ni mshirika mwenzetu na hawezi kutudhuru.

Ndugu zetu, hakuna kifungu cha sheria kinachosema kwamba sadaka hubeba zege. Torati yenyewe haikuwa na imani ya namna hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba ametakiwa aizungushie dari yake kizuizi, la sivyo damu ya atakayeanguka itahesabiwa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba hakuambiwa aombe tu mtu asianguke. Aliwekewa wajibu, na wajibu huo ulikuwa wa kujenga.

Basi kabla ya jiwe la msingi, kila kamati na iulize maswali haya mbele ya washirika wote, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Je, ramani imepitishwa na kaunti? Je, mkandarasi amesajiliwa, na daraja lake linamruhusu kazi ya thamani hii? Je, mradi wenyewe umesajiliwa na Mamlaka? Je, ni mhandisi gani, kwa jina, atakayekuja kuona vyuma kabla ya zege kumwagwa? Je, vibarua wana bima? Kamati ikishindwa kujibu hata moja, harambee na ingoje.

SAA 48

Tumesema kwamba jirani wa mjengo anao uwezo. Tuueleze. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyotungwa kutekeleza haki hiyo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la raia. Lakini habari zinazotakiwa zikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo hupungua hadi saa 48. Jengo linalopandishwa ghorofa juu ya nguzo zenye nyufa ni jambo la uhai. Kwa hiyo raia yeyote anaweza kuandika barua moja kwa kaunti na nyingine kwa Mamlaka, akiitaja ploti, na kuuliza: jengo hili limeidhinishwa kuwa la ghorofa ngapi, nani mkandarasi, nani mhandisi, lilikaguliwa lini na mkaguzi alisema nini? Ofisi isipojibu, lalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na barua hiyo hubaki kuwa ushahidi kwamba ofisi iliarifiwa. Hapo hakuna atakayeweza kunyoosha kidole kwa mwenzake na kudai kwamba hakujua.

Kwa Mamlaka na kwa Kaunti ya Nyeri tunadai mambo matatu. La kwanza, orodha ya miradi yote iliyosajiliwa katika Tetu ibandikwe kila mwezi katika ofisi za machifu, ikitaja ploti, mkandarasi, mhandisi na idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, ili hata asiye na simu aisome. La pili, kila jengo likitiwa alama ya hatari, alama hiyo iandamane na tarehe ya mwisho na jina la ofisa mwenye jukumu la kulishughulikia. La tatu, mafundi wetu wapimwe na kupewa ithibati hapa hapa, katika vyuo vyetu vya ufundi, wala wasilazimishwe kuifuata ofisi mjini.

Tunawaomba wanaharakati na kamati za haki na amani za makanisa yote, katika kila parokia na kila usharika, wateue watu wawili watakaoandika barua hizo na kuhifadhi nakala. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji karatasi, kalamu, na watu wawili watakaorudi ofisini baada ya saa 48.